Barua Inayoishia Yokohama

Ukipanda gari ndogo ya kukodi hapa Kampala, dereva akiwasha injini utasikia mara nyingi sauti ya mwanamke ikisema jambo kwa Kijapani, kwa adabu kabisa. Hakuna anayeshtuka. Abiria mgeni atauliza, "Huyu anasema nini?" na dereva atajibu kwamba hajui, alimkuta humo humo. Kwa kawaida anasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa kwenye kifaa chake. Basi kila asubuhi, kuanzia Makindye mpaka Ndejje, maelfu ya magari yanamkumbusha mtu ambaye hayupo juu ya barabara ambazo hayatazipita tena.

Hilo halina madhara, tunacheka na safari inaendelea. Lakini kuna onyo jingine ambalo lilikuwa la gari hiyo hiyo, na hilo halikupanda meli.

Angalia katikati ya usukani. Pameandikwa SRS AIRBAG. Ndani umekunjwa mfuko wa hewa, eabegi kama mafundi wanavyouita, na nyuma ya mfuko kuna kopo la chuma lenye kemikali inayowaka. Gari ikigonga, kemikali inalipuka kidogo, gesi inajaza mfuko kwa kufumba na kufumbua, uso wako unaangukia mto badala ya chuma. Kampuni moja ya Japani, Takata, iliwatengenezea makopo hayo Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW, Ford na wengine wengi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ilitumia nitrati ya amonia, kitu cha bei nafuu kinachotumika pia kwenye mbolea na kulipulia miamba migodini. Shida yake ni kwamba haipatani na unyevu wala joto linalopanda na kushuka. Ikikaa miaka mingi kwenye hali hiyo inaharibika, na siku ikiwaka inawaka kwa nguvu kupita kiasi. Kopo lenyewe linapasuka. Vipande vya chuma vinaruka kuelekea shingo na uso wa mtu aliyeketi mbele. Kitu kilichowekwa kuokoa kinageuka guruneti.

Novemba 2008 Honda iliita magari kama 4,000 tu yarudi kubadilishiwa makopo. Mei 2009 msichana wa miaka 18 huko Oklahoma, Marekani, aligonga kidogo kwenye uwanja wa kuegesha magari, ajali ambayo mtu hutoka akitingisha kichwa, na akafa kwa kipande cha chuma shingoni. Miaka ikapita, magari yakiitwa kwa mafungu, elfu hapa, laki kule. Mwaka 2014 mwanamke mjamzito akafa Malaysia kwa namna hiyo hiyo. Ilikuwa mpaka Mei 2015 Takata ikakubali mbele ya wasimamizi wa Marekani kwamba makopo yake yana kasoro. Februari 2017 ilikiri mahakamani kwamba ilikuwa imewadanganya watengenezaji wa magari kwa matokeo ya majaribio yaliyogeuzwa, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na Juni mwaka huo ikafilisika. Marekani peke yake makopo milioni 67 yaliitwa. Dunia nzima ni kama milioni 100. Marekani waliokufa wanazidi 25, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 400. Hakuna kasoro ya gari iliyowahi kuita magari mengi hivyo.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu sehemu kubwa ya magari yanayotubeba ni ya Japani, na ni ya miaka hiyo hiyo. Corolla, RAV4, Vitz, X-Trail, Honda Fit: majina hayo yamo kwenye orodha za kuitwa, ingawa si kila gari yenye jina hilo ina kopo bovu. Swali langu, hata hivyo, si la ufundi. Ni hili: mtengenezaji anapogundua kwamba alichokitengeneza kinaweza kuua, anadaiwa onyo na nani? Na yule aliyemlipa, au na yule anayeweza kufa?

Tuangalie kwanza njia ya onyo. Kampuni inachukua orodha ya serikali ya wenye magari, inamwandikia barua kila mmoja, mwenye gari anaenda kwa wakala, kopo linabadilishwa bure. Utaratibu mzuri, sina neno. Sasa gari inauzwa mnadani Japani, inafutwa kwenye orodha ya huko ili isafirishwe, inapakiwa Yokohama au Nagoya, inashuka Mombasa, inapita Malaba, inaingia bondi hapa mjini, inapata namba ya Uganda. Barua haina tena jina la kuandikiwa. Ikifika hapa, mara ngapi logbuku inabaki kwa jina la mtu aliyeiuza miaka mitano iliyopita, na anayeiendesha ana karatasi ya makubaliano tu yenye mhuri wa LC1? Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa yalikuja Afrika. Ni milioni ngapi za barua hizo?

Kuna jambo linalouma zaidi. Wamarekani walipojua kwamba ubaya unatokana na joto na unyevu, walilipanga taifa lao kwa hali ya hewa. Florida, Puerto Rico na sehemu nyingine za joto zilipewa nafasi ya kwanza, maana huko makopo yanaharibika mapema. Ni akili ya kawaida. Lakini gari iliyosimama wiki kadhaa kwenye jua la bandari ya Mombasa, kisha ikafanya kazi miaka kumi Dar es Salaam au Juba, ingepangwa fungu gani kwenye ramani hiyo? Elimu ya kujua nani yuko hatarini zaidi ilikuwepo. Ilisimama kwenye mpaka wa nchi moja.

Wenye viwanda wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema: sisi tuliuza gari Japani, kwa mtu wa Japani, kwa barabara za Japani. Aliyeipeleka Afrika ni mfanyabiashara mwingine, hatukumtuma. Mtu wa Kampala hakununua kwetu, amenunua mtumba kwa bei ya mtumba, na bei hiyo imeshahesabu hatari. Kila mmoja wetu aliyewahi kununua simu ya mkono wa tatu pale katikati ya mji anajua hoja hiyo ina uzito. Ukinunua mtumba unajua betri imechoka. Hulii.

Lakini betri iliyochoka na kopo linalopasuka si jambo moja. Uchakavu naweza kuuona, naweza kuupunguzia bei. Kasoro aliyoizaa mtengenezaji, iliyofichwa nyuma ya usukani, ambayo yeye anaijua na mimi siijui, haiwezi kuwa ndani ya bei. Hakuna aliyepunguziwa shilingi moja bondini kwa sababu ya Takata. Nani angemwambia?

Hoja ya "hukununua kwangu" ilishajibiwa zamani pia, tena kwa kesi ya gari. Mwaka 1916 mahakama ya juu ya jimbo la New York iliamua kesi ya MacPherson dhidi ya Buick. Gurudumu la mbao lilivunjika, mwenye gari akaumia. Buick ikasema: hatukumuuzia yeye, tulimuuzia wakala, na gurudumu lenyewe lilitengenezwa na kampuni nyingine. Jaji Cardozo na wenzake wakakataa. Kitu kikiwa na uwezo wa kuua kikitengenezwa vibaya, na mtengenezaji anajua kitatumiwa na mtu mwingine zaidi ya mnunuzi, wajibu unamfuata mtumiaji. Mwaka 1932 Uingereza ikafuata kwa kesi ya mama aliyekuta konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi mjini Paisley. Soda alinunuliwa na rafiki yake, yeye mwenyewe hakulipa chochote, na bado akaambiwa ana haki ya kudai. Bwana Atkin alijenga hukumu yake juu ya swali la kwenye Injili, jirani yangu ni nani, akalijibu kisheria: ni mtu ambaye tendo langu litamgusa kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla sijatenda. Wanafunzi wa sheria hapa Kampala wanaisoma kesi hiyo hadi leo.

Kwa hiyo wazo kwamba wajibu unaishia kwa anayelipa lina zaidi ya miaka mia moja kaburini. Na sisi kambini tuna sababu ya pekee ya kulikumbuka, maana mengi tunayotumia hatukuyanunua. Turubai lina mnunuzi wake Geneva au Brussels. Mafuta ya kupikia yana mnunuzi. Mtu aliyejiandikisha Nakivale ni yule mama wa Paisley kila mwezi: anakunywa chupa iliyolipiwa na mwingine.

Kinachobaki basi ni jibu la pili la kiwanda: hatujui mko wapi. Hili ndilo linalosikika kama la kweli, na ndilo mimi siliamini. Kila gari ina namba ya chasi. Namba hiyo imeandikwa kwenye cheti cha kuisafirisha nje ya Japani, kwenye hati za meli, na kwenye ripoti ya ukaguzi ambao UNBS inataka ufanyike kabla gari haijapakiwa. Imeandikwa URA wakati wa kulipa ushuru, na imeandikwa kwenye logbuku hata kama jina la mwenye gari limepitwa na wakati. Gari inabadilisha mikono, namba haibadiliki. Sisi ambao vidole vyetu vyote kumi vimepigwa alama na macho yetu yamepigwa picha kabla ya kupewa sabuni, tunajua kabisa kwamba ofisi ikiwa na sababu ya kukupata, inakupata. Kutokujua kunaweza kuwa bahati mbaya. Kunaweza pia kuwa kitu ambacho mtu anakitunza kwa sababu kinampunguzia gharama.

Na habari za kasoro zinajua kuvuka bahari pale zinapolazimishwa. Mwaka 1999 kampuni ya Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone kwenye magari ya Explorer huko Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, maana yalikuwa yakichanika kwenye joto na magari kupinduka. Haikuyaeleza hayo Washington. Mwaka uliofuata, Agosti 2000, Firestone ikaita matairi milioni 6.5 Marekani, na vifo vilivyohusishwa nayo vikazidi 200. Bunge la Marekani lilikasirika kujua kwamba Waarabu waliambiwa kwanza. Mwaka huo huo likatunga sheria: kampuni ikiita gari nchi yoyote duniani, na gari ya namna hiyo inauzwa Marekani, lazima iripoti huko ndani ya siku tano za kazi. Sawa kabisa. Habari kutoka Riyadh kwenda Washington ni wajibu wa sheria. Kutoka Tokyo kuja Kampala ni hisani.

New Zealand ni mfano unaonipa hasira na matumaini kwa pamoja. Ni nchi inayoendesha kushoto kama sisi na kununua kwa wingi magari yaliyotumika Japani kama sisi. Aprili 2018 serikali yao ilitoa amri kwamba magari yenye aina mbaya zaidi ya makopo ya Takata yaitwe kwa lazima, pamoja na yale yaliyoingia kama mitumba. Mtengenezaji ambaye hakuwauzia gari hizo akajikuta anazitengeneza. Basi haikuwa shida ya umbali, maana New Zealand si karibu na chochote.

Mwaka huo huo, Japani yenyewe ilianza kukataa kupitisha kwenye ukaguzi gari yenye kopo hatari ambalo halijabadilishwa. Jiulize mwenye gari kama hiyo atashawishika kufanya nini nayo. Sisi nasi, mwaka 2018, tulipata sheria inayozuia kuingiza gari yenye zaidi ya miaka 15. Nzuri kwa moshi. Lakini gari ya miaka 12 inaingia kihalali, na makopo haya yanaua kwa kuzeeka.

Mtu wa shirika anaweza kuniambia: ndugu, huwezi kumfikia kila mtu kwenye nchi ambayo nyumba hazina namba. Namkumbusha Karamoja, 2019. Unga wa lishe uliogawiwa na WFP ulikuwa umechanganyika na sumu ya mmea wa datura. Mamia ya watu waliugua, watano wakafa. WFP ilisimamisha ugawaji wa unga ule, na watu waliambiwa wasile tena na waurudishe. Wafugaji wasio na anwani, kwenye manyatta, waliambiwa. Waliokufa walikufa, na hakuna sifa inayofuta hilo. Ninachosema ni kwamba siku ile hakuna aliyeuliza kama mama wa Napak ana risiti.

Pia ziangalie Land Cruiser nyeupe zinazopita kwenye vumbi la kambi. Mashirika mengi huzinunua mpya, nyingi kupitia kampuni ya Gibraltar ambayo kazi yake ni kuuzia Toyota Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Gari hizo zina muuzaji anayejulikana, zina faili, zina msimamizi wa magari mwenye barua pepe. Onyo likitoka, lina pa kuingia. Nyuma yake, kwenye vumbi lile lile, inakuja Corolla kutoka Mbarara kupitia Isingiro: wanne au watano nyuma, wawili mbele, na wakati mwingine dereva amegawana kiti chake na abiria. Siwalaumu wenye Land Cruiser kwa kulindwa. Nashangaa tu kwamba magari mawili ya jina moja kwenye barabara moja yanaweza kuwa na thamani mbili za shingo.

Kuna pingamizi moja ambalo limenisumbua kuliko yote, na halikutoka kiwandani. Limetoka kwa madereva. Wanasema: uniambie nina bomu usoni, halafu? Kopo jipya silipati, gari siwezi kuiuza kwa bei nzuri ukishasema hivyo, na wanangu wanakula kwa gari hii. Afadhali nisijue. Wakimbizi wanalielewa jibu hilo bila kufafanuliwa. Tumewahi kuonywa tuondoke kwenye kijiji bila kuonyeshwa barabara ya kuondokea. Onyo lisilo na njia ni mzigo unaohamishwa: jana ulikuwa kwa aliyekosea, leo uko kwako, na ukifa wataambiwa kwamba ulijua.

Hata hivyo nadhani dereva anakosea, kwa sehemu. Mwaka 2014, makopo ya kubadilisha yalipokuwa hayatoshi, Toyota ilishauri Marekani kwamba kiti cha abiria cha mbele kisikaliwe mpaka gari itengenezwe. Huo ni ushauri usiogharimu kitu. Mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kuutumia kesho asubuhi pale stendi ya Mbarara, akakataa kiti cha mbele, akangoja gari ijayo. Labda asingengoja. Lakini uchaguzi ungekuwa wake, na kwa sasa umefanywa na mtu mwingine kwa niaba yake. Fundi naye, pale Kisekka anapouza eabegi iliyong'olewa kwenye gari iliyopondwa, angekuwa na sababu ya kugeuza kopo na kusoma jina la aliyelitengeneza.

Dereva yuko sahihi kwenye nusu nyingine: onyo peke yake halilipi deni. Takata haipo tena, lakini waliofunga makopo yake kwenye usukani na kuandika jina lao mbele ya gari wapo, na mawakala wao wapo Kampala, wanauza magari mapya. Ningeanza na mstari mmoja kwenye fomu ya ukaguzi wa Japani: je, gari hii ina wito wa kurudishwa ambao haujatimizwa? Namba ya chasi iko mkononi mwa mkaguzi, na tovuti za watengenezaji huko zinajibu swali hilo kwa Kijapani. Jibu likiwa ndiyo, gari isipakiwe mpaka kopo libadilishwe huko huko, bure, kama ambavyo lingebadilishwa kwa mwenye gari wa Yokohama. Kwa yale yaliyokwisha kuingia, mzigo ni mzito zaidi. Wakala atasema hakuyaingiza yeye, na ni kweli. Serikali italazimika kumwamuru, kama New Zealand ilivyofanya. Na dereva wa Isingiro atauliza nani atamlipa siku mbili za kuja Kampala na kurudi, bila abiria, kubadilisha kitu ambacho hakijawahi kumsumbua.

Hilo la siku mbili halimo kwenye barua yoyote niliyoisikia, hata zile zilizofika.